Fungua Kinywa, Yustina

Ninyi mnaoanza kuvaa sare nyeupe sasa, mnaopita hapa kwangu Machame kunisalimia, mmeniuliza mara nyingi: "Bibi, ilikuwaje zamani kwenye wodi ya watoto?" Huwa nawajibu kwa kifupi kwa sababu ng'ombe wangu hawajui kusubiri. Leo nimeshakamua, majani yao yamekatwa, na mvua hii haitaniruhusu kwenda popote. Kaeni basi. Chai ipo kwenye chupa.

Jina langu ni Haikaeli, lakini hospitalini Moshi nilikuwa Nesi Haika kwa kila mtu, hata kwa madaktari walionizidi cheo mara kumi. Niliingia wodi ya watoto nikiwa msichana, wakati maduka ya mjini yalikuwa yameanza kuonyesha bidhaa tena baada ya ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Nilitoka na mvi. Katikati ya hapo ndipo ukimwi ulipotupitia, na mengi yake mmeyasoma shuleni. Kuna sehemu moja ambayo sisikii ikisimuliwa sana, nayo ni ile saratani iliyowafuata watoto wenye virusi. Tuliiita Kaposi, kama mnavyoiita ninyi. Kinga ya mwili ikishuka, inapata mwanya. Kwa watu wazima ilijitokeza kwenye ngozi, madoa ya rangi ya zambarau ambayo hata jirani aliyajua. Kwa watoto ilikuwa na tabia ya kujificha kwenye tezi za shingo, ukaidhania kifua kikuu.

Mimi niliidhania kifua kikuu.

Alikuwa mtoto wa miaka sita kutoka Marangu, ana tezi pande zote mbili za shingo, amekonda. Daktari wa siku ile alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka chuo, akaniuliza naonaje. Nikamjibu kama bingwa: "Hii ni TB ya tezi, daktari. Nimeona nyingi." Akaniamini, akaandika dawa za TB. Mtoto alirudi baada ya miezi miwili akiwa hawezi kumeza hata uji. Sista Felista, aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, alichukua tochi, akammulika kinywani, akaizima. Paa lote la kinywa lilikuwa zambarau. Mtoto yule alifariki wiki ileile.

Sista Felista alikuwa mwanamke mfupi wa Kibosho, mwenye viatu vilivyolia kabla hajafika. Hakunigombeza mbele ya mama wa mtoto. Aliniita chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Haika, ulimwangalia kinywani siku ile?"

"Hapana, sista."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia."

"Mtoto akilia ndiyo kinywa kiko wazi," akasema. Akaanza kuhesabu mashuka, akaniacha nimesimama pale na aibu yangu.

Sijui kama yule mtoto angepona hata kama ningemwangalia. Dawa tulizokuwa nazo miaka ile zilikuwa za kumpa nafuu tu. Lakini angemeza uji. Tangu siku hiyo sikumwacha mtoto apite mbele yangu bila kufungua kinywa, hata aliyeletwa kwa kuvunjika mkono. Wazazi walinicheka. Acheni wacheke.

Nije kwenye sindano, kwa sababu najua mtakuja kuzichoma. Dawa yetu kubwa ya Kaposi ilikuwa vinkristini. Ukiitazama ni maji tu, hayana rangi, hayana harufu. Ikiingia kwenye mshipa inafanya kazi yake. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama ya mtoto, na kidonda chake hakisahauliki. Kwa hiyo unamwosha mkono kwa maji ya uvuguvugu mpaka mishipa iamke. Unaingiza sindano, unaanza na maji ya chumvi. Unavuta kidogo uone damu. Ndipo dawa, taratibu.

Siku yangu ya kwanza niliiona damu, nikafurahi, nikasukuma maji ya chumvi nusu, nikanyoosha mkono kuchukua dawa. Sista Felista akanishika kifundo cha mkono.

"Damu iko wapi?"

"Nimeiona, sista."

"Uliiona. Mimi nakuuliza iko wapi sasa."

Nikavuta tena. Haikuja. Mtoto alikuwa amejitikisa, sindano imeshatoka kwenye mshipa bila mimi kujua. Nikakaa chini. Sista akanipa maji ya kunywa, kisha akanirudisha kwa mtoto yuleyule, mkono wa pili. Alisema nisipochoma leo, kesho nitakuwa na hofu mara mbili.

Sasa Yustina.

Aliletwa akiwa na miaka saba, mgongoni mwa bibi yake, Bibi Apolonia, wakitokea Mkuu, kule Rombo. Mama na baba wa mtoto walikuwa wameshafariki. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti hadi vidole, mgumu, ukibonyeza kidole hakiingii.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu alikanyaga kitu. Mtu alikiweka njiani." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango.

Sikubishana naye. "Inaweza kuwa, bibi. Ila naomba kwanza nimwone kinywa."

"Mguu ndio unaomsumbua, nesi."

"Najua, bibi."

Akawageukia kina mama wengine kwenye benchi. "Watu wa Machame hawa, ukiwaonyesha mguu wanatazama meno." Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, kwa sababu sisi na Warombo tumezoea kutaniana hivyo.

"Fungua kinywa, Yustina," nikamwambia. Akafungua. Nikaingiza kijiko cha mbao na kidole, naye akanifungia meno kwenye kidole changu kama mlango. Nilipiga kelele kuliko watoto wote wa kliniki ile. Lakini nilikuwa nimeshaona. Juu, nyuma ya meno, palikuwa na doa la zambarau.

Daktari alikata kipande cha tezi iliyovimba kinenani kikaenda kupimwa, damu pia ikapimwa. Majibu yote mawili yalikuja kama tulivyohofia. Mimi ndiye niliyekaa na Bibi Apolonia kumweleza, maneno ya daktari yalikuwa yamempita. Nilimwambia mtoto ana virusi, alizaliwa navyo, na virusi vimefungulia saratani mlango. Akavua kilemba, akakifunga upya.

"Basi hata mama yake alikuwa navyo."

"Inaelekea, bibi."

"Na mimi nilimfukuza mganga aliyemtibu kwamba hakutibu vizuri," akasema.

Tukaanza sindano, kila wiki. Mtoto aliyewahi kuning'ata ningemwogopa, lakini tulipatana haraka. Nilimwambia sharti langu: sitasema haitauma. Nitasema itauma, na nitasema lini. Yeye atachagua mkono na atahesabu mpaka kumi, akifika kumi nimemaliza kuchoma. Siku ya kwanza alihesabu, "Moja, mbili, kumi!" Ikabidi tuanze majadiliano upya. Bibi yake alikuwa na kazi yake pia, kwa sababu vinkristini inafunga choo vibaya sana. Kila walipokuja niliuliza habari za choo kabla ya habari za nyumbani, na Bibi Apolonia alijibu kwa sauti ya soko, papai ngapi na matokeo gani, mpaka Yustina akaziba uso kwa mikono.

Mguu ukalainika. Baada ya wiki kadhaa ngozi ilianza kukunjana tena, akatembea uani bila kushikwa. Sisi wodini tulifurahi. Lakini palikuwa na mtoto mwingine kitanda cha pili, mwenye ugonjwa uleule, ambaye alikuwa amelainika hivyohivyo miezi iliyopita. Ukamrudia, ukaingia mapafuni. Alifariki asubuhi ambayo Yustina alikuwa anasubiri sindano yake, na bibi aliona yote.

Aliingia chumba cha dawa akiwa ameshamfunga mtoto mgongoni.

"Nesi Haika, niambie kweli. Huu wa Yustina nao utarudi?"

Ninyi mmefundishwa jinsi ya kujibu swali kama hilo. Mimi sikuwa nimefundishwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, tulizisoma kwenye majarida, lakini kwetu hazikuwa zimefika kwa watoto wa watu wa kawaida. Bila hizo, tulikuwa tunafukuza saratani na kuuacha mlango wazi.

"Unaweza kurudi, bibi," nikasema. "Mara nyingi unarudi."

"Basi niache nikakae naye nyumbani. Ale mtori wangu wa ndizi. Nimeshazika watoto watatu, nesi. Huyu ninataka awe ananiona mimi akiamka, asiwe anaona vitanda."

Sista Felista alikuwa nyuma yangu. Nilimgeukia anisaidie kumzuia. Hakumzuia. Alimwandikia dawa za maumivu, akamwonyesha namna ya kuzigawa, akawasindikiza hadi getini. Mimi nilijificha chumba cha mashuka. Nilimlaumu sista siku nyingi, kisha nikaacha, kwa sababu yule bibi hakukosea hesabu. Kwa tulichokuwa nacho siku ile, alikuwa sahihi.

Sista alistaafu. Mwaka na miezi ikapita. Halafu, katika ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, dawa zikaja. Zilianza kidogo kidogo, tena za watu wazima, tukawa tunavunja vidonge kwa kisu na kuvisaga kwa ajili ya watoto. Lakini zilikuja, bure. Siku daktari alipotuita na kutueleza kwamba sasa mtoto mwenye Kaposi atapata vyote viwili, dawa za virusi na sindano, kina mama wodini hawakuelewa kwa nini manesi watu wazima wanakumbatiana kama timu iliyofunga bao.

Nikafungua madaftari ya zamani. Nilitafuta wale walioondoka. Sitawaficha, nyumba nyingi nilizofika au kutuma ujumbe nilichelewa. Nilikaribia kuacha. Mkuu, kwa kina Yustina, niliiweka mwisho kwa sababu niliogopa jibu lake kuliko mengine.

Nilikwenda siku ya soko, nikijua wanawake wote wa huko watakuwa sokoni. Nikamkuta Bibi Apolonia ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi, amepungua mwili, kilemba kilekile. Aliponiona hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Umekuja kuandika kwamba amekufa," akasema. "Andika mengine. Hajafa."

Nikakalia ndizi za watu.

Alinipeleka nyumbani baada ya kuuza. Njia nzima nilizungumza mimi. Yustina alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage. Mguu ulikuwa umevimba tena, mnene na mweusi, na doa jingine lilikuwa limetokea kwenye kope, jicho limefumba nusu. Shule alishaacha, watoto walimwita tembo. Aliniangalia, akaweka ungo chini, akafungua kinywa chake mwenyewe kabla sijasema neno. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikakitazama. Kilikuwa kibaya. Lakini alikuwa anapumua vizuri, na hilo lilinitosha.

Bibi akasema, "Uliniambia unarudi. Umerudi. Sasa unataka nini?"

"Bibi, wakati ule nilikuwa na dawa moja. Sasa ninazo zile zilizokosekana."

"Utaniapia kwamba atapona?"

"Siwezi. Ila wakati ule uliniuliza nikakujibu kweli. Na leo nakujibu kweli: safari hii naona anaweza."

Alitazama kihamba chake, migomba na kahawa. Nilidhani amekataa. Kisha akamwambia Yustina, "Nenda kaoge. Nesi hawezi kupanda gari na mtu mwenye vumbi la maharage."

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza wa dawa za virusi mguu ulivimba zaidi na akapata homa, kwa sababu kinga ikiamka ghafla huleta vurugu zake. Bibi alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Nilimwomba wiki mbili. Nililala na kuamka nikizihesabu. Wiki ya tatu homa ilishuka. Ya sita, kope likafunguka. Sindano zilipofikia mwisho, mguu ulikuwa umebaki na ngozi nyeusi kidogo, basi. Siku niliyomchoma ya mwisho alihesabu mpaka kumi polepole, moja baada ya nyingine, hata sikumwambia.

Jambo lililonishinda zaidi ya mshipa wowote lilikuja baadaye, alipokuwa na miaka kumi na miwili. Bibi alikuwa anamwambia vidonge ni vya mguu. Siku moja kliniki, bibi ametoka kidogo, Yustina akaniuliza:

"Shikamoo nesi. Mguu umepona. Kwa nini bado nakunywa?"

"Wewe unafikiri kwa nini?"

"Nafikiri nina ukimwi. Redioni wamesema dawa zake zinanywewa kila siku, maisha."

Nilitaka kumwambia tumsubiri bibi. Nikakumbuka sharti langu na yeye. "Una virusi, ndiyo. Ulizaliwa navyo. Dawa zinavilaza, ndiyo maana saratani imeondoka."

"Bibi anajua?"

"Anajua."

"Masikini," akasema, "amekaa na siri peke yake." Bibi aliporudi alimkuta mjukuu wake ameshamwekea nafasi kwenye benchi, akamshika mkono, na mimi nikatoka nje kujifanya naitwa.

Ninyi mtafundishwa utaratibu mzuri zaidi wa kumwambia mtoto, na muufuate. Langu ni moja tu: mtoto anayeuliza swali kama lile ameshalijua jibu. Anataka kujua kama wewe ni mtu wa kuzungumza naye.

Nikastaafu, nikarudi kwa ng'ombe. Yustina akamaliza shule, akasomea ushonaji, akafungua chumba chake cha kushona palepale Mkuu. Gauni hili mnaloliona amelishona yeye, na kama mnaona kiuno kimebana, kosa ni la kiuno.

Miaka michache iliyopita akanipigia simu kwamba Bibi Apolonia amefariki, usingizini, uzee tu. Nikapanda Rombo. Watu walikuwa wengi, maturubai hadi barabarani. Ulipofika wakati wa kusoma historia ya marehemu, aliyesimama na karatasi alikuwa Yustina, mwanamke mrefu, sauti kavu. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, ya ubatizo, watoto, wajukuu. Kisha akaikunja karatasi.

"Kuna ambalo halikuandikwa," akasema. "Mimi nina virusi vya ukimwi, nilizaliwa navyo, na nikiwa mdogo niliugua saratani. Wengine mlikuwa mnajua, mkanyamaza. Vidonge vyangu vilikuwa vinasagwa, vichungu mno, nikawa navitema. Nikamwambia bibi ni sumu. Basi kila asubuhi, nikishameza, bibi alilamba unga uliobaki kwenye kijiko. Anakunja uso, anasema, 'Umeona? Mimi nipo.' Alifanya hivyo mpaka nilipoweza kumeza kidonge kizima."

Mimi niliyekaa mstari wa pili nilishika kichwa. Miaka yote ile nilikuwa namuuliza yule mwanamke habari za choo, za papai, za saa ya dawa, na hakunidokeza hata siku moja, kwa sababu alijua vizuri ningesema nini.

Nilimwogopea Yustina. Kisha mzee mmoja wa ukoo, mwenye fimbo, akasema kwa sauti, "Asante, mwanangu. Endelea." Yustina akasema amemaliza. Akashuka, akawa wa kwanza kutupa udongo kaburini.

Baadaye tuliandaliwa chakula chini ya migomba. Akaja mwenyewe kunipakulia, ndizi na nyama, sahani imejaa kama kilima, akasimama kuhakikisha nakula. Nilikula yote, nikaomba nyingine.